Mistari Minne Kando ya Kilengeo

Jumamosi, 22 Machi

Leo nimekuwa mwenye bastola. Si ya chama, yangu mwenyewe. Naandika kwenye daftari la mita za maji kwa sababu ndilo lililokuwa mfukoni. Mimi, Menga Flütsch, ndiye fundi maji wa kijiji, na tangu mita zianze kusomwa kwa kompyuta daftari hili linazeeka bure.

Aliyeniuzia ni Luzi Gansner. Ana miaka sabini na minne, ndiye msimamizi wa uwanja wetu wa shabaha, ndiye mwenye ufunguo, na ndiye aliyenifundisha kulenga miaka sita iliyopita, wakati hata kushika bastola nilikuwa sijui. Vikombe vyote vilivyoko kwenye kabati la kantini alivishinda kwa bastola hii. Nilipomuuliza mbona anaiuza, alisema, "Macho, Menga. Macho yamechoka." Karatasi za polisi zilikuwa tayari. Akaifungua kwenye kitambaa cha flaneli taratibu, akanikabidhi, akarudisha mkono mfukoni.

Halafu akanikumbusha desturi, ingawa naijua. Hapa kijijini kwetu Sankt Valtin ukinunua bastola kwa mwanachama mwenzako, huruhusiwi kugusa kilengeo cha nyuma msimu mzima. Kilengeo ni kile kipande kidogo cha chuma chenye pengo, kimekaa kwenye mfereji wake juu ya bastola. Ukikigonga kwenda kulia, risasi zinakwenda kulia, ukikigonga kushoto, zinakufuata kushoto. Unapiga nacho vilevile muuzaji alivyokiacha. Siku ya kufunga msimu, mbele ya chama kizima, muuzaji mwenyewe anashika nyundo ndogo ya chama na kukigonga kikae sawa na jicho la mwenye mali mpya. Hapo ndipo bastola inakuwa yako kweli, na hapo ndipo mnakunywa.

"Ukigusa kabla ya Oktoba," akasema Hitsch Däscher, "tunakuhamishia kwenye chama cha kufuma soksi." Hitsch anatengeneza jibini, na mdomo wake hauna breki.

Nikapiga risasi kumi. Alama sitini na moja kati ya mia! Matundu yametapakaa karatasi nzima, utadhani nilifumba macho.

"Loo! Bastola imekukataa, mama!" akapaza Hitsch.

"Ipe muda," alisema Luzi.

Jumamosi, 29 Machi

Sitini na nne. Nimekasirika, lakini hasira yenyewe ina utamu ndani yake, ule ninaousikia nikiona mita ya mtu inazunguka na mabomba yote yamefungwa. Maji yanapotea mahali fulani, na mimi nitapajua.

Kazi yangu imenifundisha kitu kimoja: funga koki moja kwa wakati mmoja. Ukifunga mbili pamoja na uvujaji ukakoma, hujajua lolote. Kwa hiyo leo nimebadilisha risasi tu. Mpaka sasa nilikuwa natumia zile Luzi alizojaza mwenyewe nyumbani kwake, alinipa boksi mbili kama bonasi. Nimenunua za kiwandani, nikapiga kumi za hivi na kumi za vile. Zimetapakaa sawasawa. Basi si risasi, au si risasi peke yake.

Jumamosi, 5 Aprili

Theluji mpaka goti. Uwanja umefungwa.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimekipata kimoja!

Jana jioni niliufungua mtutu nikautazama dhidi ya taa ya jikoni. Ndani, pale ambapo mifuo, ile michirizi inayozungusha risasi, inapaswa kung'aa, palikuwa na utandu wa kijivu. Ni madini laini ya zile risasi za Luzi, yameganda humo miaka na miaka. Nimesugua kwa brashi ya shaba mpaka mkono ukaniuma, nikatoa vipande vyembamba kama maganda ya vitunguu. Mezani palikuwa pananuka mafuta, nikala chakula cha usiku nimesimama.

Leo matundu kumi yote yameingia ndani ya upana wa ngumi yangu. Nilitaka kumkumbatia mtu, ila aliyekuwa karibu ni Hitsch.

Ila sasa kumetokea jambo la ajabu. Ngumi hiyo haiko katikati. Iko kulia, vidole vinne kutoka katikati, karibu yote kwenye saba. Mchafuko ulikuwa umenifichia hili.

Nilimwambia Luzi kuhusu utandu, nikadhani atacheka. Akasema, "Sikusafisha vizuri miaka ya karibuni. Samahani." Luzi! Mtu aliyekuwa akitufukuza mezani tukiacha tone moja la mafuta.

Jumamosi, 26 Aprili

Saba, saba, nane, saba, saba. Zote kulia.

Mtu anayetumia mkono wa kulia akipeleka matundu kulia, watu wana majibu mia. Umebana sana kwa kidole gumba. Unaogopa mshindo. Umeingiza kidole sana kwenye triga. Nimejaribu kila moja peke yake, risasi tano kwa kila koki, na nimeandika yote. Hakuna kilichohama. Ursina, katibu wetu, ndiye anayechora matundu kwenye kadi mwaka huu. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya Luzi: kila risasi duara dogo la penseli, halafu sahihi yake. Mwaka huu anasema miwani inamsumbua.

Luzi alisimama nyuma yangu kwa risasi kumi nzima. "Mkono wako hauna kosa," akasema. "Triga unaivuta vizuri kuliko nilivyokufundisha."

"Basi kosa liko wapi?"

"Bastola haina kosa."

"Mkono hauna kosa, bastola haina kosa. Basi lililoharibika ni bonde?"

Hakucheka. Nimechukizwa naye, naandika wazi. Mwalimu anayejua jibu halafu anakunyima ni mwalimu mwenye kiburi.

Jumamosi, 10 Mei

Leo nimeuondoa mkono kwenye hesabu. Nimeleta mfuko wa mchanga, nikaegemeza bastola juu yake, nikaketi, nikavuta triga taratibu. Matundu matano yangeweza kufunikwa na kizibo cha chupa ya maziwa. Bastola inapiga vizuri ajabu! Na yote matano yako kulia, vidole vinne vilevile.

"Lete hapa," Hitsch akasema. Akapiga tano yeye. Kulia. Akaiweka mezani bila maneno, akaniangalia, na Hitsch akikosa maneno ujue kuna jambo. Kisha akayapata. "Mtutu umepinda. Amekuuzia chuma chakavu, Menga."

"Polepole, anakusikia."

"Asikie! Mtu ameshinda vikombe ishirini kwa bastola hii, halafu haijui katikati iko wapi? Aliiharibu, akajua, akakupa wewe kwa sababu unamwabudu."

Luzi alikuwa mlangoni na ufunguo mkononi, mkono wa kushoto. Alisikia kila neno. Alisema tu, "Tunafunga saa kumi na mbili," akatoka kwenda kushusha bendera nyekundu.

Jumapili, 11 Mei

Mtutu haujapinda. Nimeutazama dhidi ya dirisha nikiuzungusha, vivuli ndani yake ni miduara kamili mpaka mwisho. Mdomo wa mtutu ni safi. Skrubu zote zimekaza. Hitsch amekosea, nami nimefurahi, kisha nikashangaa kwa nini nimefurahi hivyo.

Jumatano, 4 Juni

Bomba kubwa limepasuka juu kwa akina Hitsch. Siku tatu matopeni.

Jumamosi, 14 Juni

Nyasi zimekatwa, bonde lote linanukia, uwanjani tulikuwa wanne tu. Nimeanza kulenga kushoto makusudi, vidole vinne, ili zije katikati. Nimepata themanini na nane. Ni alama nzuri na sijazipenda hata kidogo. Ni kama kumsalimia mtu huku unatazama pembeni.

Jumanne, 24 Juni

Nilikwenda kukagua mita ya kiwanda cha jibini. Wanawake wawili waliokuwa kwenye foleni walinyamaza nilipoingia, kisha mmoja akaniambia pole. "Pole ya nini?" Pole kwa kuibiwa na Luzi Gansner. Kumbe Hitsch ameshaitembeza habari nyumba kwa nyumba pamoja na siagi yake.

Nilimfuata nyuma kwenye masufuria. "Wewe nani kakutuma kunisemea?"

"Hakuna. Nakupenda bure tu."

"Mtutu haujapinda. Nimeutazama."

"Basi nieleze, fundi. Kosa liko wapi?"

Swali hilo ndilo linaloniuma zaidi ya maneno yake.

Jumamosi, 5 Julai

Mvua. Sikwenda uwanjani. Nimeketi na bastola na kile kioo cha kukuzia nilichokuwa nikisomea namba za mita kongwe, nikaanza kuitazama sehemu moja moja, bila haraka, bila kutafuta chochote. Mara nyingi ndivyo uvujaji unavyojionyesha.

Kando ya kilengeo cha nyuma, upande wa kushoto, kuna mstari mwembamba umekwaruzwa kwenye chuma. Kwanza nilidhani ni mkwaruzo wa kawaida. Kisha nikauona wa pili, kulia kwake kwa upana wa unywele. Na wa tatu. Na wa nne ndio unaogusa ukingo wa kilengeo kilipo leo. Mistari minne, imenyooka, imechorwa kwa ncha ya sindano na mtu aliyekuwa anajua anachofanya. Ule wa kwanza ndio mkongwe, mafuta yameujaza ukawa mweusi. Wa nne bado unang'aa.

Basi kilengeo kimegongwa kwenda kulia, si mara moja, mara tatu. Kila mara kidogo, na kila mara mtu akatia alama alipokiacha.

Nilishika ufito wa shaba, ule wa kugongea kilengeo. Naapa niliushika. Gonga moja tu, kurudi mstari wa kwanza, na jibu ningelijua kesho. Nikauweka chini. Desturi ni desturi, na isitoshe, swali limebadilika. Sasa sitaki kujua kosa liko wapi. Nataka kujua kwa nini mtu mwenye akili timamu alikipeleka kilengeo pasipo pake kila mwaka, na bado akashinda.

Jumamosi, 12 Julai

Ursina alinifungulia kabati la kadi. Hatupi kitu yule mwanamke, ana kadi za tangu siku za bunduki za babu yake. "Unatafuta nini?"

"Uvujaji."

"Haya bwana. Ukimaliza, rudisha kwa tarehe."

Nimekaa humo saa tatu na kadi za Luzi. Na nikaona, kwa mpangilio, kama ninavyoona mita.

Miaka minne iliyopita: matundu yote katikati, tisini na sita, tisini na saba. Majira ya kuchipua yaliyofuata: yote yamehamia kushoto. Wiki mbili baadaye yamerudi katikati. Mwaka uliofuata, Machi, kushoto tena, Aprili katikati. Mwaka wa tatu, hivyohivyo. Kila majira ya baridi risasi zake zilikimbilia kushoto, na kila majira ya kuchipua akagonga kilengeo kwenda kulia zirudi. Bastola ilikuwa haijahama hata mara moja. Kilichokuwa kinahama ni mkono uliokuwa unaivuta.

Ningeweza kuishia hapo na kujisifu. Ila nilikuwa bado nimeshika kadi, na nikaiona ile miduara ya penseli yenyewe. Alikuwa anaichora yeye. Kadi za miaka minne iliyopita, miduara ni safi kama imechorwa kwa sarafu. Mwaka uliofuata ina kona. Baadaye inafanana na viazi. Na kadi za vuli iliyopita, mungu wangu, miduara haifungi. Penseli imeruka, imerudi, imetoboa karatasi. Sahihi yake hapo chini haisomeki.

Si macho. Mkono wake unatetemeka, na amekuwa akilificha hilo kwa miaka minne.

Nimerudisha kwa tarehe. Ursina aliuliza kama nimepata, nikasema bado.

Jumamosi, 2 Agosti

Jana usiku ulikuwa moto wa sikukuu ya taifa kule juu mlimani, kijiji kizima kilikuwepo. Nilimtazama Luzi tu. Supu ya shayiri ilipogawiwa alisema hana njaa, akatafuna mkate na nyama kavu kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia haukutoka mfukoni jioni nzima. Wimbo wa taifa ulipoimbwa na wanaume wakavua kofia, yeye hakuvua, na nikasikia mtu akinong'ona nyuma yangu, "Kiburi tu cha yule mzee."

Mimi nami niliandika neno hilo hapa mwezi wa Aprili. Nimelisoma tena leo. Nimeona aibu.

Jumamosi, 30 Agosti

Leo baada ya mazoezi Hitsch alisimama kantini akagonga glasi. Siku ya kufunga msimu kuna mkutano, na mkutano huchagua msimamizi wa uwanja. Alisema atapendekeza Luzi aondolewe na anyang'anywe ufunguo. "Mtu anayemuuzia mwenzake bastola mbovu hawezi kutusimamia sisi na risasi zetu." Watu watatu waligonga meza kukubali. Wengine walitazama bia zao.

Luzi hakuwepo. Nilikuwepo mimi. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Maana niseme nini? Kwamba bastola si mbovu, basi waulize: mbona inapiga kulia? Kwamba kilengeo kimesogezwa, basi waulize: kwa nini alikisogeza? Kila jibu linalomsafisha jina linamvua nguo. Na nikinyamaza, anaondoka kama tapeli. Mke wake amefariki, binti yake yuko Geneva, mbwa hana. Kila Jumamosi yeye ndiye wa kwanza kufika uwanjani na wa mwisho kuondoka, na hana pengine pa kwenda.

Nilitoka bila kuaga. Nimejichukia njia nzima.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimekwenda kwake. Nilibeba pampu na kiunganishi kipya, nikasema nimekuja kuangalia koki ya chini. Koki yake ni nzima na sote wawili tunalijua hilo.

Alimimina kahawa kwa mkono wa kushoto, polepole, bila kumwaga. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yakaniponyoka yote.

"Luzi, nina wazo. Nikisogeze kilengeo mimi mwenyewe, kesho, kirudi katikati. Niwaambie niliiangusha bastola mwezi wa Machi, siku ileile ya kwanza, kikahama, nikaona haya kusema. Watanicheka mwezi mmoja, basi. Hakuna atakayekusema tena."

Akashusha birika. "Umeiona mistari."

"Nimeiona."

"Na kadi?"

"Na kadi."

"Nilijua. Nilipokuuzia wewe nilijua. Ningemuuzia Hitsch angepiga kulia miaka kumi akalaumu upepo." Kisha akakunja uso. "Usinidanganyie watu, Menga. Si pale uwanjani kwangu. Ukikigusa kabla ya siku yake, usije tena hapa."

"Na siku yake ikifika? Utagonga wewe, mbele yao wote! Umefikiria hilo?"

"Nafikiria hilo kila usiku tangu Machi."

"Basi kwa nini hukukirudisha kabla ya kuniuzia? Nani angejua?"

Akauweka mkono wa kulia mezani. Mara ya kwanza nauona mwaka huu. Ulikuwa unacheza wenyewe, kidole gumba kikisugua kidole cha shahada kama mtu anayehesabu noti. "Mwaka wa kwanza niliamini kweli kuwa ni bastola," alisema. "Nilisema baridi imesogeza chuma. Mwaka wa pili nilijilazimisha kuamini. Mwaka wa tatu niligonga usiku, kama mwizi. Ile mistari ndiyo ukweli pekee nilioandika. Sikuweza kuifuta."

"Umemwona daktari?"

"Macho yangu ni mazima, sihitaji daktari," akasema, na ghafla akacheka, na mimi nikacheka, na nikawa nalia pia, jambo la kijinga mbele ya kahawa ya mtu.

Alikataa kwenda kwa daktari. Alikataa pia nimsemee. Nimerudi nyumbani na kiunganishi changu.

Jumamosi, 4 Oktoba

Ukungu. Hatukuona hata shabaha. Luzi alifungua, akangoja, akafunga.

Jumamosi, 18 Oktoba

Upepo wa joto kutoka kusini tangu alfajiri, vichwa vinauma, milima imesogea karibu mpaka unahesabu mawe. Kufunga msimu. Watu thelathini na wanane walikuja, na zawadi zilikuwa zimepangwa: paja la nyama, mikate ya njugu, soseji, na jibini zima la Hitsch.

Nilipiga kwa kulenga kushoto, nikapata themanini na tisa, nafasi ya tano. Haina maana. Wote tulikuwa tunangoja saa tisa.

Saa tisa Ursina akaweka kibao cha kazi mezani, jiriwa ndogo ya mbao ya kubania bastola, ufito wa shaba, na ile nyundo ya chama. "Bastola ya Menga," alisema. "Muuzaji, Luzi Gansner."

Hakukuwa na mtu. Mlango ulikuwa wazi na upepo unapiga bendera. Hitsch aliinua mabega. "Si niliwaambia? Amekimbia."

Sikuweza tena. Nilisimama nikasema bastola ni nzima kuliko sisi wote, nikasema niliyeshindwa ni mimi, kwamba mkono wangu una tabia ya kwenda kulia, kwamba—

"Anadanganya," sauti ikasema mlangoni. "Na hajui kudanganya. Mnaona masikio yake yalivyo mekundu?"

Luzi aliingia amevaa koti la chama, lile la sherehe. Alikuwa ametoka kushusha shabaha. Akapita katikati yao mpaka mezani, akaifunga bastola kwenye jiriwa kwa mkono wa kushoto. Kisha akautoa mkono wa kulia mfukoni na kuchukua nyundo.

Kichwa cha nyundo kilianza kugonga ukingo wa meza chenyewe. Tak, tak, tak, tak. Kantini nzima ilisikia, na hakuna aliyekuwa na glasi mdomoni. Alijaribu kushika ufito kwa mkono mwingine na kuuweka kwenye kilengeo, ukateleza. Akajaribu tena. Ukaanguka chini, na nikasikia kiti cha mtu kikilia.

Nikauokota. Nikauweka kwenye ukingo wa kilengeo nikaushikilia kwa vidole viwili. "Gonga," nikasema.

"Nitakupiga vidole."

"Ninavyo kumi."

Akapiga. Akakosa, akanipiga kweli, nikauma meno. Akapiga tena, ikaingia. Kilengeo kikasogea kushoto kwa upana wa unywele.

"Huo ni mstari wa mwaka jana," alisema, kwa sauti ya wote. "Mwaka jana mkono ulivuta kushoto, nikasema bastola imehama." Akapiga. "Huo wa mwaka juzi. Mke wangu alikuwa mgonjwa, nilikuwa namlisha kwa kijiko, nikasema ni uchovu." Akapiga mara mbili kabla haijaingia. "Na huo wa kwanza. Huo nilidhani ni baridi." Akaweka nyundo chini, na mkono uliendelea kugonga hewa. "Bastola haikuwa na kosa siku hata moja. Hapo ndipo ilipokuwa Menga alipojifunza kwangu. Mkitaka ufunguo, huu hapa."

Akauweka mezani, kando ya jibini.

Hakuna aliyeusogelea. Hitsch alikuwa amekuwa mwekundu mpaka shingoni. Alikuja mezani, nikadhani anakwenda kuuchukua, nikajiandaa kumrukia. Akausukuma ufunguo kurudi kwa Luzi. "Mimi ni mpumbavu," alisema. "Kijiji kizima nimekizungusha na upumbavu wangu. Jumatatu nitapita tena nyumba kwa nyumba niwaambie haya ya leo." Kisha, kwa sababu ni Hitsch, "Lakini Jumanne nakupeleka hospitali Chur kwa gari la jibini. Linanuka, utavumilia."

"Sitaki."

"Nani amekuuliza?"

Luzi alinitazama. Nilitazama dari. "Jumanne saa ngapi?" akauliza.

Mkutano ulimchagua Luzi tena kuwa msimamizi, kwa mikono yote. Hakuna aliyehesabu.

Bado kulikuwa na mwanga. Desturi inataka mwenye mali mpya apige tano za kwanza papo hapo, bastola ikiwa imeshakuwa yake. Nilisimama kwenye mstari, nikalenga katikati, katikati kabisa, kwa mara ya kwanza tangu Machi, na mkono haukujua la kufanya na raha hiyo. Nikavuta tano.

Karatasi ilipoletwa, Ursina alichukua penseli na kadi. Luzi akanyoosha mkono. "Hiyo ni kazi ya msimamizi."

Ilimchukua muda mrefu. Upepo ulikuwa umetulia na watu walikuwa wameshaanza kukata nyama, lakini sisi watatu tulikaa pale mpaka akamaliza na kutia sahihi. Kadi ninayo hapa, kando ya daftari, na kidole changu kilichopigwa kimevimba juu yake. Miduara mitano, hakuna hata mmoja uliofunga vizuri, mmoja umetoboa karatasi. Yote mitano iko kwenye kumi.